Sababu Saba za Kwenda Kisiwa cha Kamulunga

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimepata! Dereva mmoja wa lori kutoka Fungurume amenionyesha picha kwenye simu yake: kisiwa katikati ya ziwa Nzilo, mchanga mweupe, hakuna mtu. Kinaitwa Kamulunga. Hakiko mbali na hapa mtaani kwetu Kapata! Watu wa Kolwezi wanakohoa vumbi la malori, wanaota bahari, na plaji, ufuko wa mchanga, iko mlangoni! Nimeandika afishi, tangazo la kubandika, hapo hapo: «Sababu saba za kwenda Kamulunga». Mchanga. Upepo safi. Ukimya. Hakuna vumbi. Hakuna mbu. Hakuna mamba (kuuliza). Ya saba bado.

Mke wangu Brigitte ameisoma akiwa amesimama, mikono ina sabuni. Siku tulipooana, miaka ishirini na mbili iliyopita, nilimwahidi plaji. Hajasahau. Amesema atakuja, maana Jumamosi ni siku ya ndoa yetu. Lakini aibu moja zaidi, kama ya wale majogoo niliowauza kama kuku wa mayai, na yeye anahamia kwa dada yake Likasi. Hakuwa anacheka.

Jumanne, 8 Julai
Afishi iko kwenye mlango wa parokia. Sababu ya saba: «Mtarudi vijana.» Jirani yangu Mpoyi ameisoma taratibu, kidole kwenye kila mstari. Huyu ndiye aliyeweka pisini ya plastiki ya kuogelea uani kwake, akaiita «Kolwezi Plaji». Wivu! Ameniuliza kama nimewahi kufika kisiwani. Nimemjibu kwamba hata padri anahubiri mbingu bila kufika. Amejiandikisha wa kwanza. Mpelelezi!

Alhamisi, 10 Julai
Watu kumi na wawili! Karibu korali nzima, waimbaji wa parokia. Padri ametuazima minibasi. Brigitte ameshona kanzu mpya ya kitenge cha bluu, na sasa anaimba jikoni. Nimeogopa kidogo. Mbona sijaenda kuona? Nafasi iko wapi? Nilikuwa nachora minazi kwenye afishi.

Jumamosi, 12 Julai
Baridi ya kukata masikio. Julai, jamani! Hakuna aliyenikumbusha. Korali imekuja na makoti na blanketi. Ziwani tumemkuta mama mvuvi, Mama Abigaël, akatuvusha kwa mtumbwi wake, safari tatu. Anaishi kule kisiwani. (Haya, «hakuna mtu».) Tumefika. Majani. Mawe. Mbuzi. Mchanga, hakuna hata punje!

Brigitte amenigeukia. Ananiitaga baba wa binti yetu mkubwa. «Tata Falonne, plaji iko wapi?»

Mama Abigaël amecheka mpaka kasia likamponyoka. «Muchanga iko, mama. Iko chini ya mayi! Mwezi wa kumi na moja mayi inashuka, mutaiona yote. Sasa munakanyanga chakula ya mbuzi yangu.»

Mpoyi amepiga picha. Nne! Nimetamani ziwa linimeze. Halafu, sijui nini kimenishika, nimemwambia Brigitte ukweli mbele ya korali yote: sijawahi kufika hapa, nilitaka tu aone plaji, hata moja, kabla hatujazeeka.

Yeye amevua viatu, amekunja kanzu, ameingia majini mpaka magotini. Amepiga kelele kwa baridi. Halafu amecheka! Sikuwa nimesikia kicheko kile kwa miaka. «Mayi iko safi! Mukuye!»

Korali nzima ikavua viatu. Mpoyi naye. Ameteleza, amekaa majini, simu mfukoni. Kwaheri picha nne!

Mama Abigaël ametukalisha kuzunguka moto wake wa kukaushia samaki. Bukari (ugali wetu), samaki wa kuchoma, pilipili. Tumeimba mpaka mbuzi wakasogea kusikiliza. Siku nzima, hakuna aliyekohoa.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa watu wamenizunguka. Wanataka kurudi mwezi wa kumi na moja! Lakini wamechukua namba ya Mama Abigaël, siyo yangu. Si kitu. Brigitte haendi Likasi. Ameniambia polepole: «Ilikuwa muzuri sana, bwana yangu. Lakini mara ingine, wende kwanza kuona na macho yako.» Nimeapa mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Kuona kwanza! Mi ni mtu mpya.

Jumatatu, 14 Julai
Sokoni nimekutana na muuza viazi vitamu. Anasema nyuma ya milima ya kwao kuna maji yanayotoka ardhini yakiwa moto, mtu anaoga hata Julai. Shemeji yake aliyaona, kwa mbali. Mara hii sikukurupuka. Nimeapa kuona na macho yangu, nami nimeona: nimemwangalia yule mtu usoni kwa muda mrefu. Hadanganyi. Basi la watu thelathini linaondoka Jumamosi.