Malalamiko ya Kuzuiwa Kupima Behewa la Dranya

Gaspari Ondoga,
Mwalimu Mstaafu wa Useremala,
Aroi, Arua.

Kwa Mheshimiwa Lomoro,
Mwenyekiti wa LC I (baraza la kijiji), na kaka mkubwa wa Margarita,
Dranya, Koboko.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila moyoni nina kinyongo na sitaki kukificha. Alhamisi iliyopita mwendesha boda aliniletea karatasi yako. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mwalimu, wewe usikuje tena huku bila wazee yako." Nimeisoma kwa miwani na bila miwani, na kila mara imesema vilevile. Kwa heshima zote, nimekasirika.

Kwa faida ya yeyote atakayeikuta barua hii kwenye faili lako, naeleza kwanza mimi ni nani. Mimi ni mtu wa mabehewa ya mizigo ya zamani. Wako wanaofuga njiwa, wako wanaogombana juu ya mpira wa Ulaya. Mimi natafuta habari za mabehewa, nayapima, kisha natengeneza madogo yanayofanana nayo, sentimita moja badala ya arobaini. Reli ilifika Pakwach ikakoma hapo, na sisi wa Arua hadi leo hatujapigiwa filimbi na gari moshi lolote. Baba yangu alikuwa mpakizi pale Pakwach. Siku moja alininyanyua akanisimamisha ndani ya behewa tupu lililokuwa bado linanuka tumbaku, na tangu siku hiyo sijapona. Mezani kwangu Aroi yamejipanga mabehewa sita, la pamba, la ng'ombe, la mafuta ya taa na mengineyo, yote ya bati la makopo ya maziwa na mbao za mvule, na ribiti zake, vile vichwa vya misumari inayounganisha bati, nimezigonga moja moja kwa ncha ya bikari. La saba ndilo behewa la Dranya.

Behewa hilo, kama ujuavyo kuliko mimi, ni sanduku la chuma ambalo marehemu baba yenu, Sajini, alilileta nyumbani enzi za kazi yake ya jeshi, akawaambia wanawe kwamba limetoka kwenye gari moshi la Pakwach. Leo ni stoo ya dada yako Margarita, ambamo anaweka simsim, yaani ufuta, karanga na mihogo mikavu ya kupeleka soko la Koboko. Nimelipima kila Jumamosi kwa mwaka mmoja na miezi minane. Sasa umenifungia njia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Utafiti umekatizwa ukiwa haujafika mwisho. Najua watu wanauliza sanduku moja linapimwaje miezi ishirini. Wanaouliza hivyo hawajawahi kuhesabu ribiti. Za ubavu wa kushoto nimezihesabu mara kumi na tisa, na kila nikifika mia mbili na kitu, Margarita hutokea na chai. Huwezi kumwambia mtu aliyeshika kikombe cha moto asubiri. Nikimaliza kunywa na kuzungumza, hesabu imepotea na jua limeinama, inanibidi nianze upya Jumamosi inayofuata. Hilo si kosa langu wala la Margarita. Ni ugumu wa kawaida wa kazi hii, na wataalamu wenzangu wangenielewa kama wangekuwapo.

2. Behewa lilibadilishwa rangi bila mimi kushauriwa. Kabla ya Krismasi iliyopita nilikuwa nimekwisha kuchanganya rangi yangu, nyekundu ya kutu, kwa udongo wa Aroi na gundi ya seremala. Nilipofika nikakuta behewa lote ni bluu, mpaka bawaba. Nilimuuliza Margarita kwa upole kwa nini ameiharibu historia. Akanijibu, "Mwalimu, si wewe alisema bulu iko rangi mzuri?" Ni kweli nilisema. Lakini nilikuwa nazungumzia gauni. Nililazimika kulipaka upya behewa langu dogo, na nakiri kwamba bluu hiyo imelipendeza.

3. Nimesingiziwa kwamba nakuja Dranya kula. Mheshimiwa, mtafiti hali, mtafiti hulishwa. Mimi hufika na tepu yangu, penseli yangu na chupa yangu ya maji. Kama saa saba inafika na kuna samaki mkavu kwenye rojo la simsim, na mwenye nyumba ameshatenga, kukataa kungekuwa utovu wa adabu, na adabu mbaya huharibu vipimo. Sukari na sabuni ninazokuja nazo ni shukrani kwa ofisi iliyonipokea. Nilipofundisha chuo cha ufundi tulifanya hivyohivyo kwa kila karakana iliyotutembeza.

Katika suala hilohilo, nimesikia umeudhika kwamba mezani kwangu iko sanamu ndogo ya dada yako. Binti yangu Annet ndiye aliyesambaza habari hiyo, na nimeshamkanya. Ukweli ni kwamba kila behewa dogo huhitaji mtu mdogo mlangoni, ili mtazamaji aelewe ukubwa wake. Margarita hupita mlango ule bila kuinama, na juu ya kitambaa chake cha kichwa hubaki sentimita kumi na nne. Ndicho kipimo cha uhakika kuliko vyote nilivyochukua. Kwamba behewa lilinichukua wiki tano na sanamu ikanichukua miezi minne, hiyo ni kwa sababu bati halicheki na mtu anacheka. Kinywa chake nimekirudia mara sita na bado hakijakaa sawa.

4. Hili la nne ni la msiba wa baba yenu mdogo kule Ludara. Nilikuja kama jirani wa mbali, nikakaa nyuma. Mara nikasikia mtu anaita, "Wakwe wote wakuje kupasua kuni!" Watu wanne wakasimama, kisha macho yote yakageuka kwangu. Nilidhani wameniita kwa sababu mimi ni mwalimu wa useremala. Kwa bahati nilikuwa na msumeno kwenye baiskeli, nikaenda, nikapasua kuni za siku mbili, tena kwa vipimo vilivyolingana. Jioni mama yenu mzazi akanishika mkono, akasema, "Asante, mkwe." Nikamjibu, "Asante, mama." Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo mwanamke wa umri wake anavyojibiwa. Sasa nasikia jibu hilo limeandikwa katika kumbukumbu za ukoo kama ahadi. Naomba lifutwe, au angalau lisomwe pamoja na maelezo haya.

Tangu siku hiyo kila mtu kati ya Dranya na Koboko ananiita shemeji. Fundi wa baiskeli ananiita shemeji. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, uliniita shemeji mbele ya baraza la kijiji, kisha ukanipa kazi ya kutengeneza benchi. Nililitengeneza. Kumbe mtu anaweza kuwa shemeji wa benchi na asiwe shemeji wa kuingia uani.

5. Nafika kwa Tongun, na hapa nakuomba ukae chini. Tongun muuza spea za magari ameonekana kwenye behewa mara tatu tangu uniandikie. Hana tepu. Hana daftari. Aliliegemea behewa kwa bega, kifundo cha mguu juu ya kingine, akakaa hivyo saa nzima akila karanga za stoo. Habari hii nimeipata kwa watu watatu tofauti, na wote wanakubaliana juu ya bega.

Kibaya zaidi, ametangaza hadharani kwamba lile si behewa. Amesema ni bodi ya lori la jeshi, akataja mpaka aina ya lori, akaonyesha mlango kuwa uko nyuma badala ya ubavuni, na akaonyesha mahali pa kufungia tairi la akiba. Nimejibu hoja hizo kwa maandishi, kurasa kumi na moja, nimeziambatisha. Kwa ufupi: mlango wa nyuma ni aina ya nadra sana, nadra kiasi kwamba hakuna kitabu kilichowahi kuitaja. Na mahali pa tairi la akiba panathibitisha kwamba wajenzi wa mabehewa ya zamani walikuwa watu wa tahadhari.

Mheshimiwa, tafadhali pima uzito wa maneno ya Tongun. Likiwa behewa, mtu mzima mstaafu ana sababu ya kuendesha baiskeli kutoka Aroi mpaka Dranya kila Jumamosi, kilomita zote hizo, na hakuna wa kumuuliza. Likiwa lori, hana sababu yoyote. Atabaki nyumbani Jumamosi nzima akiyatazama mabehewa sita na sanamu moja. Mke wangu Santa alifariki miaka tisa iliyopita, na Jumamosi za miaka saba ya kwanza nazijua zilivyokuwa ndefu. Sitaki kurudi huko. Nasema wazi.

6. Kwa hiyo natoa maombi yafuatayo, ambayo naamini ni ya kiasi.

Naomba Tongun azuiwe kuegemea. Akitaka kusimama, asimame kwenye lami.

Naomba itambuliwe kwamba behewa si salama Dranya, kwa kuwa limeshapakwa rangi mara moja na linaweza kupakwa tena, hivyo lihamishiwe Aroi, ambako nimeshalimwagia msingi wa zege kwa vipimo nilivyonavyo.

Naomba lisihamishwe peke yake. Mlango wake haufunguki mpaka upigwe teke chini, uvutwe kushoto na uambiwe neno fulani la Kikakwa, na anayejua mambo yote matatu ni Margarita peke yake. Kuhamisha behewa bila mtunzaji wake ni kuhamisha sanduku la chuma tu. Basi mtunzaji ahame pamoja nalo, na mizigo yake, kuku wake na mbuzi wake.

Mtunzaji atahitaji mahali pa kupikia, maana najua hapendi jiko la mtu mwingine. Nimejenga jiko, dirisha limetazama mashariki kama alivyowahi kusema anavyopenda. Atahitaji pia mtu wa kunywa naye chai saa nne. Nafasi hiyo niko tayari kuijaza mwenyewe, kwa kujitolea, kwa muda wote utafiti utakapoendelea, na kwa makadirio yangu ribiti zilizobaki zitatuchukua mpaka mwisho wa maisha yetu.

Sasa nakuuliza, Mheshimiwa, katika haya yote wazee wanaingiaje? Ni ribiti, zege, jiko na chai. Baba yangu hakupeleka wazee kwa mkuu wa stesheni ili apakie pamba. Mimi ni mtu mwenye miaka sitini na tatu, nimefundisha nusu ya mafundi wa Arua, na sioni aibu ipi ningeepushwa kwa kutanguliza wazee watatu kwenda kunisemea jambo la kisayansi. Sitaleta wazee. Msimamo wangu ni huo, na nautia sahihi.

Nakutakia kazi njema ya kuwaongoza wana Dranya. Msalimie mama yenu mzazi, umwambie mgongo usiponyooka ile dawa ya kuchua bado ninayo. Msalimie fundi wa baiskeli, wapasua kuni wenzangu wanne wa Ludara, na baraza zima linalokalia benchi langu. Msalimie hata Tongun, lakini kwa kifupi. Margarita usimsalimie; salamu zake sizipitishi ofisini.

Ni mimi, mpimaji uliyemwacha nje na tepu mkononi,

Gaspari Ondoga

Nyongeza: Tongun anasema kweli. Ni lori. Nililijua Jumamosi ya kwanza, kabla sijafungua tepu, na kurasa zile kumi na moja unaweza kuwashia moto. Nilinyamaza kwa sababu Margarita alikuwa ameshaniletea kiti. Mwezi wa tatu wa kupima, nilipoona nimemdanganya vya kutosha, nilianza kumweleza, naye akanikata kauli: "Mwalimu, hii kitu iko bodi ya lori, mimi najua tangu mutoto. Lakini wewe pima tu."

Watu watatu waliokukabidhi barua hii si matarishi. Aliyevaa kofia ni kaka wa marehemu baba yangu, hasikii vizuri upande wa kulia, na wawili ni binamu zangu wa Aroi. Mbuzi waliye naye ni wenu. Tafadhali wape viti. Mimi nimewasindikiza mpaka Koboko mjini na niko hapa chini ya kibaraza cha duka la saruji, nimevaa suti tangu saa moja asubuhi, na mwenye duka ameshaniuliza mara mbili kama ninanunua. Kama jibu ni hapana, mwambieni Margarita mwenyewe aje aniambie. Kama ni ndiyo, pia naomba aje yeye.