Senene wa Nuriat

Jumatatu, 18 Novemba

Asante Mungu! Barua yangu ya tisa imejibiwa. Nuriat, anayetembeza watalii kutoka Arusha, anakuja keshokutwa kukagua nyumbani kwangu hapa Kamachumu. Akiridhika, Jumamosi analeta wageni kumi na wawili, na tunaingia kwenye ratiba yake ya mwaka mzima. Asiporidhika anakwenda Nshamba kwa Gozbert, mwenye gesti yenye mamba wa saruji. Mamba wa saruji! Ndivyo nchi inavyojitangaza. Miaka kumi nawaandikia wahariri kwamba utalii si tembo peke yake. Mhaya naye ana cha kuonyesha!

Mke wangu, Joviana, kauliza nani atapika, nani ataandaa kahawa ya kutafuna, nani atatandika nyasi mbichi kwenye msonge, nyumba yetu ya duara ya nyasi. Nikamjibu kwamba mimi ni msimamizi. Akasema, kwa heshima ya Kihaya, haya waitu, simamia. Nashukuru kwa mke mwelewa.

Jumatano, 20 Novemba

Ushindi! Nuriat kafika, na senene, panzi wetu wa kuliwa, wametua asubuhi. Nuriat kaenda kuwaokota na wanawake, karudi na fungu kwenye jani la mgomba, kanikabidhi kwa mikono miwili. Nikampa Joviana akaange. Nikala mbele ya majirani, nikasifu. Kisha, kwa ukarimu, nikamvika Nuriat kitenge kipya. Jirani yetu Edvina akapiga vigelegele. Nilidhani anashangilia utalii.

Baadaye. Edvina kaja kunifafanulia. Kwetu mke ndiye humletea mume senene, na mume humjibu kwa nguo mpya. Nimekula senene wa mwanamke mwingine, nimemvika, na mke wangu ndiye aliyekaanga! Edvina anauliza bi mdogo anahamia lini, achume ndizi mapema. Aibu! Mila hiyo niliieleza mwenyewe gazetini mwaka juzi, aya ya nne.

Joviana yuko kwa baba yake, Nshamba. Kaacha ujumbe: msimamizi asimamie.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepika. Ndizi zimeungua chini, juu mbichi. Kahawa imekuwa makaa. Nuriat, aliyekwenda mjini kuwapokea wageni, kapiga simu kuuliza chakula cha Jumamosi. Nikamwambia kiko mikononi mwa wataalamu.

Gozbert kasimamisha pikipiki mlangoni. Kanipongeza kwa kuoa Arusha bila kwenda Arusha. Kasema wageni wakinishinda niwaelekeze kwake, mamba wake hajawahi kununa akaenda kwao. Kisha kashusha mkungu wa ndizi, kasema mtu asife njaa kwa upumbavu. Nimeshukuru. Iliuma, lakini nimeshukuru.

Ijumaa, 22 Novemba

Nshamba, na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Baba mkwe, Mzee Pastory, kapokea kibuyu. Nilikuwa na hoja saba. Kwenye ya kwanza akaniambia mkwe, hapa si gazetini, kaa.

Joviana akatoa hukumu. Kesho niingie nyasini mwenyewe, mchana kweupe, niokote senene hadi kapu lijae, nimpelekee yeye, nimepiga magoti. Mwanamume kuokota senene! Nilikubali kabla hajamaliza. Nilitaka kusema ni kwa ajili ya wageni kumi na wawili. Lakini niliwaza lile jiko lililopoa, nikaona sina haja ya kudanganya humu daftarini.

Jumamosi, 23 Novemba

Wageni wamewahi! Wamenikuta nyasini, nimeinama, suruali imelowa. Edvina ananielekeza kwa sauti ya kusikika hadi Muleba mjini: huyo anakutoroka waitu, au unangoja akuandikie barua? Wanawake hoi kwa kicheko.

Kapu likajaa. Nikapiga magoti mbele ya Joviana, aliyekuwa amerudi kushuhudia. Akachungulia kapu, akasema wengine ni panzi wa kawaida, lakini amepokea. Wageni wakapiga makofi. Mmoja alilia! Nuriat akataka kurudisha kitenge. Joviana akamkatalia, akasema kosa si la mgeni.

Akapika. Ndizi, samaki wa ziwani, senene. Nuriat katukubali, kila Jumamosi, mwaka mzima. Jina kwenye ratiba: Kwa Mama Joviana. Sikupinga. Mimi! Nilikuwa na shukrani nyingi mno, hoja hazikupata nafasi.

Jumapili, 24 Novemba

Misa. Nimetoa shukrani kwa kila mtu, Gozbert akiwemo. Nyumbani Joviana kanipakulia mimi kwanza.

Nimetafakari kwa unyenyekevu. Wageni walipenda nini hasa? Si msonge. Si samaki. Walipenda mume akitubu! Nchi gani nyingine Afrika Mashariki ina kivutio hicho? Nimemwandikia Nuriat: kila Jumamosi, saa nne, msamaha wa hadhara.

Toba ya kweli, bila shaka, inahitaji kosa la kweli. Wageni siwezi kuwadanganya. Nimeorodhesha makosa hadi Krismasi. La wiki hii naanza kesho asubuhi. Joviana hajaambiwa, ili asiharibu uhalisia.