Kabla Mguu Haujafika

Jumatatu, 3 Agosti 1992. Matiliku.

Mke wangu Nthenya bado yuko kwao Kasikeu. Nimekula ugali wa jana na chumvi. Kuku wananitazama kama watu waliokwisha kusikia habari.

Niandike mambo yalivyo, maana hapa hasomi mtu. Mwethya walikuja kutuchimbia mtaro wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Ni kikundi cha akina mama, leo kwako kesho kwangu, na desturi ni kwamba mwenye shamba hutangulia na jembe. Mimi nilikuwa kitandani na mgongo. Niliugulia vizuri sana, hata mwenyekiti wao aliingia akaniombea. Shida ni kwamba saa sita mgongo ulipata nafuu. Nikateremka sokoni. Akina mama walipopita wakirudi makwao, Nthenya kati yao, walinikuta dukani kwa Kilonzo nimeinua gunia la kunde juu ya kichwa, nikiwaonyesha wateja jinsi Mundumue alivyomtupa Mwokovu katika mieleka ya televisheni mwaka wa 1985.

Nthenya alirudi nyumbani. Alipika, akaosha sufuria, akaenda kwao. Mwanamke akigomba, kuna pa kushika. Yeye hakuniachia pa kushika.

Tangu siku hiyo naiwaza sana ile mieleka. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya manjano. Kilonzo alikuwa ameleta televisheni, inatumia betri ya gari, na watu tulijaa dukani mpaka juu ya magunia. Wazungu wawili walipigana. Majina yao hatukuyashika, tukawapa yetu. Mwenye kinyago cheusi akawa Mundumue, kwa sababu mganga hafichi uso bure. Mwenye chupi nyeupe akawa Mwokovu. Nusu ya duka walikuwa watu wa kwaya, wakamwombea waziwazi. Mundumue akaruka na mguu. Mwokovu akaanguka chali. Refa akaanza kupiga sakafu kwa kiganja, maana akifika tatu aliyelala ameshindwa: moja, mbili. Hapo betri ikazimika.

Msichana aliyekalia nusu ya gunia langu akasema huyo hainuki. Nikaapa ameinuka. Tulibishana njia nzima mpaka mtoni, tukabishana kesho yake, mwisho tukafunga ndoa kanisani bila kumaliza. Sijapata furaha nyingine kama ya ubishi ule.

Sasa nina mpango. Nitaitafuta mieleka ile ile, nimwonyeshe mwisho wake.

Jumanne, 4 Agosti. Kitui.

Nimeipata! Dubow, mfanyabiashara wa mbuzi, huonyesha video nyuma ya duka lake. Ndugu yake wa Nairobi alikuwa akirekodi mieleka yote ya televisheni, na Dubow ana rafu nzima. Aliniuliza kwa nini mtu mzima anasafiri kutwa kumtafuta mzungu aliyeanguka zamani. Nikamwambia ni mambo ya ndoa. Akasema na yeye ameoa, akanipa kaseti, mradi nisirekodi nyimbo za kanisa juu yake.

Alitaka kuniwekea niitazame pale pale. Nikakataa. Mwisho ule ni wetu wawili. Kama Mwokovu aliinuka, nitamsamehe Nthenya mbele ya wazazi wake. Kama hakuinuka, nitakubali kushindwa mbele ya wazazi wake. Kwa vyovyote atarudi nyumbani. Sijui kwa nini serikali haijawahi kuniita kwa ushauri.

Alhamisi, 6 Agosti. Matiliku.

Jambo moja linauma. Mwenye mashine ya video na jenereta hapa ni Kilonzo peke yake. Ndiye yule aliyemwekea Nthenya kiti cha mbele mwaka ule, kiti chenye mto, na Nthenya akachagua gunia langu. Hajasahau. Nami humkumbusha kila nipatapo nafasi.

Alikubali kuja Kasikeu na vyombo vyake vyote, ila kwanza nimmalizie mtaro wake, kwa sababu mvua haziko mbali. Nimechimba jana jioni na leo kutwa, udongo natupa juu, ukingo umenyooka vizuri. Watu waliopita njiani waliulizia mgongo. Nikasema uliombewa, na huo ni ukweli.

Jumamosi, 8 Agosti. Kasikeu.

Nilikuwa nimesahau nthoni.

Mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hamuketi karibu, hamtazamani usoni. Sasa mtatazamaje pamoja wanaume wawili waliovaa chupi? Nilidhani mama mkwe wangu, Syombua, atakwenda jikoni. Yeye ni wa kwaya ya akina mama, na hotuba zake juu ya mavazi zinajulikana mpaka mjini Sultan Hamud. Nilipofika mlangoni alikuwa amekwisha kaa mbele kabisa, miwani usoni. Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Baba mkwe alikohoa.

"Muthoni," akaniambia, maana ndivyo mkwe anavyoitwa kwetu, "wewe kaa huko nje uangalie hiyo jenereta isizime."

Kilonzo si mkwe wa mtu pale. Aliketi kwenye kochi akaletewa chai.

Jenereta ilikuwa nyuma ya nyumba, inanguruma hata sikujisikia nikikohoa. Mbele yangu ukuta. Nilikwenda Kitui, nikachimba mtaro wa mtu, na mwisho wa mieleka ile nikauangalia kwenye ukuta wa matofali. Nilijua tu kwamba ndani wanaona, na kwamba Nthenya anaona bila mimi. Jambo hilo liliniuma zaidi ya nilivyotarajia.

Akatoka peke yake, akaizima jenereta mwenyewe. Nikamuuliza kama Mwokovu aliinuka. Alishika mikono yangu akaigeuza, akaona malengelenge. Kumbe Kilonzo, kati ya chai na maandazi, alikuwa amesifu jinsi mtaro wake ulivyonyooka.

"Kumbe mgongo iko sawa," akasema.

Kisha akasema jambo jingine, taratibu, huku ananitazama mimi na si mashine.

"Huyo mtu hakupigwa. Sasa nimeona vizuri. Mguu haijafika na yeye ashaanguka. Na vile mimi nilimhurumia miaka hii yote."

Nikauliza tena kama aliinuka. Akasema mtaro wetu umesimama pale pale mwethya walipouacha, na nikitaka kujua habari za kuinuka nianzie hapo. Akaingia ndani. Nilirudi Matiliku nikiwa nyuma kabisa ya gari la Kilonzo, nimekumbatia jenereta.

Jumapili, 9 Agosti. Matiliku.

Mahubiri yalikuwa marefu lakini sikuyasikia. Nilikuwa namfikiria Mwokovu. Labda ana mke mahali. Labda kila Jumamosi anarudi nyumbani akisema amepigwa, mke anamkanda kwa maji moto, na siku moja mke anaona kanda. Mtu akianguka mapema anajiepusha na maumivu, hilo naelewa kabisa. Lakini nadhani yule mke anayekanda ndiye anayepigwa.

Nampenda Nthenya. Hilo naweza kuliandika hapa. Nyumba imekuwa kubwa, hata sauti ya kijiko inarudi. Namkosa anavyocheka kwa pua kabla ya kunipinga.

Nimekwisha amua. Kesho nachimba.

Jumatano, 12 Agosti. Matiliku.

Nimechimba. Jumatatu, jana, na leo asubuhi. Sikumwita mtu kuja kuona, hata Kilonzo sikumtangazia. Mtaro umevuka katikati ya shamba na ukingo umenyooka kuliko wake. Malengelenge yalipasuka, nikafunga kitambaa nikaendelea. Hata mimi nilishangaa.

Jua lilipokuwa linapanda nikainua kichwa nikaona leso ya buluu kwenye kona ya njia. Nthenya, kiondo mgongoni! Moyo uliruka. Ningeweza kubaki nimesimama na jembe langu. Lakini nikawaza: mtu aliyesimama na jembe anaonyesha nini? Kila mtu husimama. Nikatupa jembe, nikalala chali ndani ya mtaro, mkono juu ya uso, udongo kidogo shavuni.

Nyayo zikaja, zikasimama juu yangu. Kisha nikasikia kiganja kinapiga ukingo wa mtaro.

"Moja."

Sikutikisika.

"Mbili."

Hapo nilitaka kuinuka, kweli nilitaka. Lakini mimi na Nthenya tumeishi kwenye hiyo mbili tangu betri ilipozimika, na hatujapata mahali pazuri zaidi. Nilitaka tukae hapo kidogo. Nikabaki chini.

"Tatu," akasema, kwa sauti ya chini sana.

Nilipofungua macho alikuwa amefika tena kwenye kona, na hakugeuka. Kwenye ukingo aliacha kiondo. Ndani kulikuwa na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wenye kunde, bado wa moto, na vijiko viwili.

Nimekula nusu. Nusu yake nimeifunika, na kijiko chake nimekiosha ingawa hakikutumika. Nimelia pia, muda mfupi.

Jioni hii nimelipima jambo lenyewe kwa utulivu. Kosa si kubwa. Nilianguka mapema tu, akaniona tangu kule kwenye kona. Mara nyingine nitangoja mpaka afike.