Siri ya Dola Ndani ya Gari la Kudra

Sogeeni, enyi watu wa Irving mnaoamshwa na ndege zinazotua, nanyi wa Plano wenye vitambulisho shingoni, nanyi wa Cedar Hill mlio mbali na kila sherehe isipokuwa ya kwenu. Zimeni televisheni, mkae, msikie habari za Kudra binti Khalfan, mwanamke aliyeweza kunyamaza.

Msicheke. Huyu ndiye Kudra aliyetangaza uchumba wa Angel kabla Angel mwenyewe hajachumbiwa. Na Kudra huyo huyo, mwenye ulimi mwepesi kuliko upepo wa Texas, alikuwa anagombea urais wa jumuiya yetu, sisi wasema Kiswahili tuliohamia huku.

Sasa, Mzee Gelasius, rais anayemaliza muda, mtazamaji asiyechoka wa taarifa ya habari, alikuwa ameona kwamba katika nchi hii wagombea urais hupewa siri za dola kabla ya kura, ili atakayeshinda asiingie madarakani gizani. Akaona ni jambo jema. Akaamuru na kwetu iwe hivyo: mgombea achunguzwe, aape, apewe siri, na atakayeitoboa, jina lake litoke kwenye kura. Vicent, mpinzani wa Kudra, aliapa bila jasho, maana huyo hata salamu huzitoa kwa kubana. Kudra aliapa mkono mmoja juu, mwingine mdomoni.

Na siri ilikuwa hii: Shangazi Prudensia, shangazi wa watu wote, mpika pilau wa kila sherehe, siku ya uchaguzi angevikwa khanga na kukalishwa mbele kama Mama wa Jumuiya. Sufuria kapewa Kagendo, nesi wa Kikenya. Prudensia mwenyewe alijua kitu kimoja tu: kanyang'anywa sufuria.

Na siku ilipofika, nani akaomba lifti kwa Kudra? Prudensia.

"We Kudra!" alinguruma kabla hata hawajaingia barabara kuu, mkoba mapajani kama ngao. "Mimi niliyekupokea uwanja wa ndege na koti mkononi, kwa sababu ulikuja Januari na kandambili! Leo nadharauliwa na watu niliowalisha. Sema, nani anapika?"

"Ewe Shangazi, simba wa iliki na mdalasini, mimi naendesha tu."

"Unaendesha! Ungekuwa hujui, ungeshaniuliza mimi."

Hapo Kudra alipigwa mkuki wa kweli. Siri ikamjaa kifuani, ikapanda kooni, ikabisha hodi kwenye meno. Na alipochungulia pembeni akamwona mama wa watu anafuta jicho kwa ncha ya mtandio. Neno moja tu lingemtuliza! Neno moja, na urais kwaheri.

Akanyoosha kidole kwenye skrini ya gari atafute muziki. Kidole kikakosea njia, kikafungua ujumbe wa sauti wa simu yake. Sauti ya Mzee Gelasius ikatoka kwenye spika zote, nzito kama ya jeshi linalovuka mto: "Wagombea, nawakumbusha, Mama Prudensia asijue kabisa kwamba leo ata—"

Kudra akaachia kigelegele.

Ulimi ule ule, msaliti wa uchumba wa Angel, ukasimama mlangoni ukapigana. Na Shangazi, ambaye hajawahi kuacha kigelegele cha mwenzake kife peke yake, akaitika kabla hajafikiri. Wakapiga, wakapokezana, gari likatikisika, dereva wa pikapu jirani akavua kofia, na Mzee Gelasius akazama humo na siri yake mpaka ujumbe ukaisha.

"Ee," Shangazi alihema, "tunashangilia nini?"

"Leo hakuna foleni, Shangazi."

"Kweli. Si kawaida."

Ukumbini Kagendo alimpokea na khanga mikononi. "Karibu Mama, leo wewe ni kukaa tu."

Prudensia akakiona kiti. Akageuka polepole. "Kudra. Ulijua?"

Kudra, ambaye sasa aliruhusiwa kusema yote, aliitikia kwa kichwa tu.

"Haya, nileteeni hiyo pilau niionje kabla sijalia."

Mzee Gelasius akatangaza kwamba Vicent hakutoboa siri. Watu wakaendelea kunywa soda. Akatangaza kwamba Kudra pia hakutoboa, jina lake linabaki. Ukumbi mzima ukasimama, wa kwanza Angel.

Nani alishinda kura, hilo ni dogo, ulizeni wengine. Hili ndilo liandikwe, wajukuu walisome: kati ya Irving na Cedar Hill, siku ile, Kudra alijua jambo, na hakulisema.