Msomaji wa Pili

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza shajara hii kwa sababu mbili. Kwanza, watu wakuu huandika shajara. Pili, tangu niajiriwe kwa majaribio katika maabara hii ya pete za miti, yale maduara ya ndani ya shina yanayotaja umri wa mti, miezi miwili sasa, sijapata mtu wa kumweleza mipango yangu. Sababu ya pili si muhimu.

Leo Mkuu wa Maabara ametangaza kwamba nafasi ya kudumu ni moja. Moja! Na sisi tulio katika majaribio tu wawili: mimi na dada wa meza ya dirishani, ambaye kwa siri namwita Dirishani. Ijumaa ya tarehe 15 kila mmoja wetu atawasilisha matokeo yake mbele ya wakubwa. Nilimtazama Dirishani usoni nione ameipokeaje habari hiyo. Alikuwa akichonga penseli. Ujanja mtupu.

Mkuu amekumbusha pia kanuni ya nyumba: kila sampuli isomwe na watu wawili, kila mmoja ahesabu pete peke yake bila kunong'onezana na mwenzake, kisha fomu zilinganishwe. Mzee wa Msasa, fundi anayesugua sampuli zetu mpaka pete zijitokeze, akaongeza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamfahamisha kwa heshima zote kwamba maabara hii haifanyi utafiti wa chawa. Hakuna aliyecheka. Walicheka baadaye, nilipokwisha kutoka.

Chakula cha mchana: peke yangu, nikiikabili ramani ya msitu iliyo ukutani. Ni ramani nzuri. Sasa naijua vema.

Jumanne, 5 Agosti

Safari ya msituni. Nilivaa viatu vyangu vipya vyeusi vya kung'aa, kwa kuwa msomi hupimwa kuanzia chini. Mzee wa Msasa, ambaye hakosi safari hata moja ingawa kazi yake iko mezani, aliniuliza kama bibi harusi yuko nasi garini au anatusubiri huko huko juu.

Maagizo yalikuwa tupande hadi kileleni, mwendo wa saa mbili, kwenye miti mikongwe ya asili. Tulipofika robo ya njia kisigino changu cha kulia kiliomba talaka. Nikawaambia watangulie, nina uchunguzi wa kufanya. Dirishani alitaka kubaki nami. Nikakataa katakata. Adui hapewi nafasi ya kukutazama ukichechemea.

Nikateremka hadi kwenye gari. Na hapo, hatua kumi na nne kutoka mlango wa dereva, ulisimama mti! Mnene, mnyoofu, wenye hadhi ya jaji. Niliukumbatia ili kuupima. Mikono yangu haikufika hata nusu. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu kidogo kuliko vipimo vinavyohitaji. Kisha nikazungusha keekee, chombo cha kutobolea chenye uwazi katikati, mpaka kwenye kiini, nikatoa ufito wa mbao mwembamba kama penseli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema. Mimi sikuinama hata kidogo.

Kwenye lebo nimeandika "Mlimani". Si uongo. Gari liliegeshwa mlimani.

Wenzangu walirejea baada ya saa tano, wakicheka jambo lililotokea huko juu. Niliuliza ni jambo gani. Wakasema ningekuwapo ningeelewa.

Ijumaa, 8 Agosti

Ufito wangu umekauka, nao Mzee wa Msasa ameuanza. Amekataa kuharakishwa. Kwa maneno yake, mbao ni kama mgonjwa, ukimsugua kwa pupa anakufa mkononi. Katikati ya kazi alisimama, akaunusa. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimeutoa wapi hasa huko mlimani. Nikamjibu kwamba taarifa hiyo itatolewa rasmi tarehe 15. Akasema haya, Msomi. Huniita Msomi. Bado sijaamua kama ni sifa.

Alasiri Dirishani alikuja mezani kwangu. Akapendekeza tusomeane: mimi nisome sampuli zake, yeye asome zangu. Niling'amua hila yake mara moja! Anataka kuuona mti wangu kabla ya wakubwa kuuona, na nusu ya sifa aibebe yeye. Nikamwambia tayari ninaye msomaji wa pili. Akauliza ni nani. Mtaalamu, nikasema. Akasema sawa, akarudi dirishani kula mkate wake peke yake, akiwa amenipa mgongo. Hata kutafuna kwake kuna hila.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amepiga simu. Baada ya kuuliza kama nala na kama nalala, aliuliza kama nimepata wenzangu. Nikasema ndiyo. Akauliza wangapi. Nikasema mmoja, lakini ni wa kufa na kuzikana, tunafanya kazi bega kwa bega. Mama alifurahi hadi akamwita shangazi asikie. Shangazi akataka jina. Nikasema kazini tunatumia herufi tu: M.P. Wote wawili wamemsalimu. Mama amesema likizo nije naye, atatandika kitanda cha pili.

Baada ya simu nilisafisha kioo cha dirisha la chumba changu. Hakikuwa kichafu.

Jumanne, 12 Agosti

Mia na nne!

Nimeinama kwenye hadubini tangu asubuhi, nikitia alama kwa sindano kila pete ya kumi. Mia na nne, bila shaka yoyote. Rekodi ya maabara ni tisini na saba, nayo imeshikiliwa na Mkuu mwenyewe kwa miaka mingi. Pole yake.

Kuna la ajabu zaidi. Pete zangu zinapokezana: nene, nyembamba, nene, nyembamba, kutoka kiini hadi gome. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya karne moja nchi hii imekuwa na mwaka wa neema na mwaka wa dhiki kwa zamu, wala hakuna kiumbe aliyetambua! Nimeupa ugunduzi huu jina la Nadharia ya Upokezano. Ningependa sana kumwambia mtu. Nimeiambia ramani.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimekuwa msomaji wa pili. Sikuvunja kanuni kiholela. Nilichukua tahadhari zote. Nilihamia upande wa pili wa meza. Nilivaa miwani yangu ya zamani. Nilijitahidi kutokumbuka. Kabla ya kuanza nilimwamkia M.P., naye akaitikia vizuri. Tulifanya kazi kimya, kila mtu na lake, kama kanuni isemavyo. Nakiri kwamba sijapata kuwa na asubuhi nzuri kama hii tangu niajiriwe.

Jibu la M.P.: mia na nne. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Mkuu alipolinganisha fomu alivua miwani. Akasema miaka ishirini na sita yupo hapa na hajapata kuona wasomaji wawili wakilingana bila kupishana hata pete moja; yeye na mwalimu wake waliwahi kununiana wiki nzima kwa ajili ya pete moja. Akataka aletewe huyo M.P. ampe mkono. Nikasema ni mtaalamu wa nje, na leo anaumwa. Mzee wa Msasa akampa pole, akanipa limau nimpelekee.

Limau nimelikamulia kwenye chai yangu. Kwa niaba yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Ni baridi.

Dirishani alitangulia. Mti wake mkubwa kabisa: pete themanini na moja. Mkuu aliyemsomea alipata themanini na tatu. Dirishani akakiri, mbele ya wakubwa, kwamba hajui nani yuko sahihi na kwamba itabidi warudie. Hajui! Nilimwonea huruma.

Kisha mimi. Nilitoa pete mia na nne. Nilitoa Nadharia ya Upokezano. Wakubwa waliandika! Nikaonyesha picha ya mti ukutani. Kioo cha pembeni cha gari kilionekana kidogo kwenye kona, lakini nilisimama mbele yake.

Ndipo Mzee wa Msasa, aliyekuwa nyuma kabisa, alipoinuka na kuomba ruhusa. Akasema mti ule anaujua. Aliupanda yeye na mkewe, juma lile lile walilooana, wakati huo akiwa kibarua wa kitalu. Mwezi uliopita umetimiza miaka hamsini na miwili. Mkewe alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Ndiyo maana yeye hakosi safari, huenda kuusalimu. Akaendelea, kwa upole ambao sitausahau, kwamba ikiwa mti una miaka mia na nne basi alioa wakati baba yake mzazi angali akinyonya.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee hakucheka. Akanigeukia akanieleza mimi peke yangu: kule kileleni msimu wa mvua ni mmoja, kwa hiyo pete moja kwa mwaka. Huku chini miti hunywa mara mbili. Masika, pete nene. Vuli, pete nyembamba. Kila mtu hapa maabara anajua. Ungeuliza tu, mwanangu.

Mkuu akauliza, basi M.P. naye alikoseaje vile vile? Nikasema alisoma akiwa na homa. Mkuu alizikunja fomu zote mbili. Akasema anatutakia sote wawili afya njema.

Nafasi amepewa Dirishani. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio.

Mama alipiga simu. Sikupokea.

Jumatatu, 18 Agosti

Saa ya chakula Dirishani alinijia na vikombe viwili vya chai. Akasema meza ya dirishani ni pana, inatosha watu wawili. Akasema kama M.P. bado hajapata nafuu, yeye yuko tayari kunisomea, nami nimsomee. Akasema pia, huku akitazama sakafu, kwamba mchana huwa mrefu ukila peke yako. Tena Mzee wa Msasa ameniagiza: Jumamosi anakwenda kuusalimu mti, nikipenda twende wote, ila nivae raba.

Nimelipima jambo hili kitaalamu. Ni dhahiri. Wameungana, na wanataka kunichunguza kwa karibu.

Nikamshukuru Dirishani, nikamwarifu kwamba M.P. amepona kabisa. Akaweka vikombe vyote viwili mezani kwangu, akaenda zake.

Nimetafakari pia chanzo cha kushindwa kwangu, na hatimaye nimekipata. Tatizo halikuwa mti, wala nadharia. Kilichotutia mashakani ni kule kulingana mno! Kwa hiyo katika sampuli mpya nimemwagiza M.P. apungukiwe na pete tatu. Amekubali bila ubishi. Katika jengo hili zima hakuna anayenielewa kama yeye.

Kikombe cha pili nimemwekea upande wake wa meza. Hajakigusa. Ana adabu sana.