Suti ya Moto kwa Mwendo wa Maili Ishirini na Tano

Germantown, Maryland
Jumanne, 15 Septemba 1998

Kwa Ndugu Anatoli,
Mwenyekiti, Kamati ya Mashindano ya Magari ya Ridhaa,
Temple Hills.

Ndugu Mwenyekiti,

Nimeupokea waraka wako, nimeusoma mara mbili, na kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja ya ualimu nimeusahihisha kwa wino mwekundu. Unasema kuanzia Jumamosi hii hakuna atakayezungusha gari kwenye koni zetu za plastiki pasipo helmeti, suti isiyoshika moto na kizimba cha vyuma ndani ya gari, cha kumkinga dereva likipinduka. Natambua kwamba umenakili kitabu cha mashindano makubwa. Ninapinga, kwa heshima zote, kwa sababu zifuatazo:

1. Gari langu ni Corolla ya mwaka 1983, nililolinunua kwa dola mia sita. Vifaa vya waraka wako ni dola elfu moja na mia nane. Kuku hajengewi ghorofa.

2. Kutoka kwangu hadi hapo Temple Hills ninaendesha maili sitini kwa saa, nimezungukwa na malori, nimevaa shati la kanisani. Serikali haina neno. Nikifika kwenye maegesho ya duka lililofungwa, ambako kasi yetu kubwa ni maili ishirini na tano, ndipo nivae kama mtu anayekwenda mwezini. Busara ingetaka nizivae nguo hizo nikitoka nyumbani na nizivue nikifika kwako.

3. Wewe mwenyewe, kazini kwako hotelini Alexandria, huyateremsha magari ya wageni ghorofa tatu chini ya ardhi kwa kasi inayotushinda sote, nawe umevaa tai tu.

4. Moto pekee uliowahi kuonekana uwanjani ni wa jiko la Bi Leokadia, muuza mishkaki. Ikiwa kamati inaogopa moto kwa dhati, yeye ndiye avalishwe suti, jiko lake lifungiwe kizimba, na kila mla mishkaki afungwe mkanda kitini. Pilipili yake peke yake inastahili kizima-moto.

5. Helmeti huficha uso. Jumamosi iliyopita vijana watatu, waliozivaa kwa hiari yao, walinipita bila shikamoo, nami sikuweza kujua nimkaripie yupi. Mchezo unaoua adabu hauwezi kuitwa salama.

Sasa niseme linaloniuma. Fainali ya Jumamosi ni kati yangu na mkwe wangu, Bwana Kiprotich, baba yake Kibet aliyemwoa binti yangu Irene. Mshindi ndiye atakayempa jina mjukuu wetu wa kike, aliyezaliwa mwezi uliopita. Mimi nataka aitwe Domina, jina la marehemu mama yangu. Yeye anataka Jerotich, yaani jina lake mwenyewe lililovalishwa gauni, ati kwa sababu mtoto alizaliwa jioni, ng'ombe wanaporudi zizini. Nimeishi Germantown miaka sita. Ng'ombe ninaowaona wakirudi jioni wamo ndani ya mifuko ya duka. Irene na Kibet wameafiki, ingawa waliafiki kwa Kiingereza huku wakicheka.

Kiprotich anavyo vifaa vyote. Tangu waraka utoke, hunipigia simu kila siku: "Mwalimu, suti imefika wapi? Ama niandike tu Jerotich tumalize?" Kanuni yako imempa ushindi kabla injini haijawaka.

Naomba masharti yalingane na mwendo: mkanda wa kiti, breki nzima na akili timamu. Vyote hivyo ninavyo.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, hata wale waliopiga kura vibaya, na Bi Leokadia.

Wako katika kuheshimu kanuni zenye kiasi,

Mwalimu Gervas (mstaafu)

Nyongeza, Jumatano: Barua hii ilikuwa bado mfukoni nilipokwenda mazoezini leo mchana. Mke wangu alinipa ufunguo kwa sharti moja, kwamba nivae helmeti, kwa hiyo niliazima ya Kiprotich, aliyekuja kunichungulia. Nikiwa katikati ya koni, Bi Leokadia aliniamkia. Mwalimu hawezi kuitikia marahaba bila kumtazama anayemwamkia. Nilimtazama. Gari liliangusha koni nane, kisha likasimama kwenye nguzo ya taa. Helmeti imepasuka, mimi sijapasuka. Tafadhali futa hoja zangu, ya kwanza hadi ya tano. Kiprotich amekataa nimnunulie helmeti nyingine. Anasema Jerotich anamtosha.