Ghorofa Isiyotetemeka

Msomi hakuwa amesoma. Jina hilo alilipata mtaani kwa sababu ya kalamu tatu zilizokaa kwenye mfuko wa shati lake mwaka mzima bila kuandika kitu, na kwa adabu aliyolelewa nayo hakutaka kuwasumbua watu kwa kuwasahihisha. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea ukuta wa duka la fotokopi, akiwaza jambo moja tu: kuanzia Ijumaa angelala wapi? Dada yake, fundi cherehani, alikuwa amemwambia kwamba kochi alilolilalia miaka mitatu linaondoka ili ipate nafasi cherehani ya pili, na kwamba cherehani hiyo, tofauti na yeye, ingefanya kazi.

Hapo macho yake yakatua kwenye tangazo. Ghala la vifaa vya pamoja, lilisema, linaazima mashine za kupima matetemeko ya ardhi kwa mtafiti yeyote, bure. Mwezi uliopita ardhi ilikuwa imetikisika kidogo, vikombe vikagongana makabatini, na tangu siku hiyo watu mjini walikuwa wakitazama nyufa za kuta zao zaidi kuliko walivyotazama televisheni. Msomi akalisoma tangazo mara mbili. Penye hofu, mwenye maneno hakosi kitanda.

Ghala lilikuwa chumba kirefu chenye rafu za chuma, zimejaa masanduku ya plastiki ngumu, betri, sepetu na nyaya zilizokunjwa vizuri. Mtunza ghala, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa akisugua tope kwenye mashine moja kwa mswaki wa meno. Bila kuacha kusugua akamweleza desturi ya mahali pale. Mashine ni chache na watafiti ni wengi, kwa hiyo kila mwazimaji anawajibika kwa kile mashine ilichoandika, na kinasomwa mbele ya wenzake wote wanaosubiri zamu. Aliyeiweka penye malori na vinu anarudishwa mkiani mwa foleni. Kisha akamwuliza anatafiti nini.

"Mitetemo midogo ya mjini, mama. Ile ambayo ardhi inaificha."

Mama akazitazama kalamu, akavitazama viatu, akamkabidhi sanduku. Msomi alitoka akijipongeza. Hakujiuliza kwa nini mtu anayepiga mswaki mashine amwamini mgeni upesi namna ile, maana wasemaji wakubwa hawana nafasi ya maswali madogo.

Mtaa wa pili palikuwa na jengo la ghorofa nne, rangi bado mbichi. Mwenyewe alikuwa mzee mnene aliyeitwa Bwana Ghorofa, na flati yake ya juu ilikuwa tupu kwa sababu kodi aliyoitaka ilikuwa ya ikulu. Msomi alimwendea amevaa kofia ya ujenzi ya kuazima. Akamweleza kwamba kuna cheti kipya cha majengo yasiyotetemeka, kwamba mwenye cheti hicho anajipangia kodi na wapangaji wanashukuru, na kwamba jengo lake limechaguliwa kati ya mia na arubaini. Mia na arubaini aliitoa hewani, lakini ilikaa vizuri mdomoni.

Mzee akauliza cheti kinachukua muda gani.

"Ardhi haiharakishwi, mzee wangu."

"Na wewe utakuwa unakaa wapi?"

Msomi akatazama dari kwa huzuni. "Utaratibu unamtaka mtaalamu alale juu ya mashine yake. Juu kabisa. Mimi ningependa nibaki nyumbani, nimezoea kitanda changu, lakini kazi ni kazi."

Mashine ikawekwa kwenye stoo ya chini, juu ya sakafu ya saruji, na mtaalamu akawekwa kwenye flati ya juu, yenye baraza na godoro jipya. Bwana Ghorofa akataka kujua jengo lifanye nini ili lifaulu. Msomi, ambaye hupenda kulala mchana, akajibu kwa neno moja: utulivu.

Ndipo jengo lile likaingia katika zama zake za kimya. Wapangaji wakaamriwa kuvua viatu getini. Pampu ya maji ikapewa nusu saa kwa siku. Mke wa mzee akahamishia kinu kwa dada yake, akawa anasafiri na nafaka kichwani kwenda kutwanga ugenini. Mtoto wa flati ya pili, aliyekuwa bingwa wa kuruka kamba, akafundishwa bao. Na Bwana Ghorofa mwenyewe, kilo mia na kitu, akawa ananyata kwa ncha za vidole kwenye ngazi zake, jasho likimtiririka, akihema kwa pua ili asiitikise nyumba. Kila alipokutana na Msomi alimwuliza kwa kunong'ona kama mashine iko salama, na Msomi alimjibu kwamba anaikagua mara tano kwa siku. Mke wa mzee akawa anampelekea sahani iliyofunikwa, maana mtu anayefanya kazi kiasi hicho lazima ale.

Wiki saba zikapita, na Msomi akanenepa. Akaanza kusema "nyumbani" akimaanisha kule juu, na nakiri kwamba aliipenda ile baraza kwa dhati. Hakuwahi kuwa na mlango wa kufunga mwenyewe.

Siku ya hamsini mtunza ghala alibisha hodi, kompyuta kwapani. Msomi alitaka kushukia ngazi za nyuma, lakini mzee alikwisha kumshika mkono kwa furaha, akidhani cheti kimefika. Wakaenda stoo wote watatu. Mama akaunganisha waya, na kwenye kioo ukatokea mstari mmoja, mrefu, umenyooka kama uzi wa fundi.

Mama akavaa miwani, akausogelea mstari. Kisha akasema kwamba ana miaka ishirini na miwili kazini na hajaona rekodi safi namna ile mjini.

Bwana Ghorofa akavimba kwa fahari. "Ni mtaalamu wako huyu. Anaikagua mara tano kwa siku."

"Mashine hii inaandika hata hatua za paka," mama akasema taratibu. "Mtu akiingia humu, nitamwona hapa. Tangu siku iliyowekwa hajaingia mtu."

Mzee akamgeukia Msomi. Msomi akaanza kupanga kalamu zake mfukoni, na mzee akauliza, safari hii bila kunong'ona, kama cheti kipo au hakipo. Mama akamjibu kwamba cheti cha namna hiyo hakijapata kuwepo duniani. Lakini kabla ngumi haijapanda, akaongeza kwamba jengo lenye utulivu wa aina hii linafaa kuwa kituo cha kudumu cha kupimia matetemeko, na kituo hupewa kibao cha shaba cha kugongomelewa getini.

"Kibao kikubwa kiasi gani?" Bwana Ghorofa akauliza.

Mama akapanua mikono, na ngumi ikashuka. Masharti yalikuwa mawili tu: kimya kiendelee, na flati ya juu wapewe watafiti wawili ambao mzee aliwahi kuwafukuza getini pamoja na barua zao. Mzee akakubali yote akikodolea macho upana wa mikono ya mama. Msomi alipewa dakika kumi za kufungasha, akamaliza kwa mbili.

Nje, akiwa na mfuko wake mmoja, alimwuliza mama alijua tangu lini.

"Tangu kabla hujaja. Dada yako ndiye anayenishonea mifuko ya mashine. Nilimlalamikia kwamba sina mtu wa kunipenyeza kwa mzee huyu. Akaniambia anaye mmoja, yuko kwenye kochi. Yeye akakunyang'anya kochi, mimi nikabandika tangazo, na flati tupu huku ni ile moja tu."

Iliuma. Msomi aliwahi kufukuzwa, kutukanwa, hata kukimbizwa na mbwa, lakini kutumiwa na dada yake bila kushtuka ilikuwa aibu ya kitaaluma. Mama hakumpa nafasi ya kuomboleza. Alimwambia kwamba ng'ambo ya barabara kuna mwenye jumba mkaidi zaidi, akamkabidhi sanduku jingine na barua ya kweli yenye mhuri. Atalala humo mpaka mtafiti apatikane. Sharti ni kwamba safari hii aseme kweli tupu.

Msomi, kwa moyo safi kabisa, akavuka barabara. Akamwambia mwenye jumba kila kitu: kwamba mashine ni ya sayansi, haina cheti, haina faida yoyote kwake, na itamnyima kutwanga. Akatoa na barua.

"Tapeli mkubwa wewe," akasema mwenye jumba, akamfungia mlango.

Msomi alisimama pale na sanduku lake, jua likizama. Akatazama nyuma, mama alikwisha kwenda. Akabisha tena, akausogeza mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mzee wangu, samahani. Nilikuwa nakupima kama unaweza kutunza siri. Je, umewahi kusikia habari za dhahabu ikitetemeka chini ya nyumba?"

Kitasa kikazunguka. Mwenye jumba alitokeza kichwa, akachungulia barabara kulia na kushoto, kisha akamwuliza mtaalamu kama angependa chumba cha upande wa bustani.